Mpira wa Maofisa Vijana Wakati wa Vita

Leo tumekusudia kueleza habari za timu moja ya mpira iliyocheza katika nchi ya Marekani mwaka 1944, wakati Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikiwaka Ulaya na Asia na baharini. Timu hiyo ilikuwa ya vijana waliokuwa wakifundishwa uofisa wa jeshi. Ilicheza michezo 9, ikashinda yote 9. Ilipata alama 504, na timu zote zilizoshindana nayo zilipata kwa jumla alama 35 tu.

Mtu akisikia hesabu hiyo hustaajabu, na sisi tulistaajabu vile vile. Lakini baada ya kustaajabu huja maswali mawili, na kwa ajili ya maswali hayo tumeichagua habari hii. La kwanza: je, yafaa vijana wenye afya, nao ni askari, wacheze mpira hali wenzao wanakufa vitani? La pili: mtu akishinda sana namna ile, je, ushindi ni wa nguvu zake tu, au pana sababu nyingine isiyoonekana uwanjani? Twawaomba msikilize kwanza mambo yalivyokuwa, kisha tuamue pamoja.

Chuo na mchezo wake

Chuo hicho chaitwa West Point. Kimejengwa juu ya majabali kando ya mto Hudson, kadiri ya maili 50 kaskazini ya mji wa New York, nacho kilifunguliwa mwaka 1802. Kijana aingiapo huvaa nguo za kiaskari, hufanya gwaride, hujifunza hesabu na ujenzi wa madaraja na maboma na mambo ya vita, na amalizapo huwa ofisa wa jeshi la nchi kavu. Wanamaji nao wana chuo chao katika mji wa Annapolis, kilichofunguliwa mwaka 1845. Vyuo hivi viwili ni kama watoto wa baba mmoja: wapendana, lakini hapana hata mmoja atakaye kushindwa na mwenziwe.

Walianza kushindana kwa mpira tarehe 29 Novemba 1890. Kijana mmoja wa West Point, jina lake Dennis Michie, ndiye aliyeshughulika hata mchezo huo wa kwanza ukafanyika, na wanamaji wakashinda kwa alama 24 kwa 0. Miaka minane baadaye, mwaka 1898, Michie aliuawa vitani katika kisiwa cha Cuba. Uwanja wa mpira wa West Point umepewa jina lake. Basi kila kijana aingiaye kucheza pale huingia katika uwanja wenye jina la mchezaji aliyekufa askari.

Msidhani, lakini, ya kuwa mpira wao ni kama huu tuuchezao sisi. Mpira wenyewe una umbo la yai lenye ncha mbili, na kazi kubwa hufanywa kwa mikono. Kila upande una watu 11, na kati ya mstari wa mwisho wa upande mmoja na mstari wa mwisho wa upande wa pili ni yadi 100. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu, hupewa nafasi nne nyingine. Wasipofaulu, mpira huwa wa adui. Mchezaji aweza kuukumbatia mpira na kukimbia nao, au kumrushia mwenziwe aliye mbele; na adui ana ruhusa ya kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Kwa sababu hiyo wachezaji huvaa kofia ngumu, na mabegani huweka mito ya kuwakinga.

Sasa hesabu za alama. Mtu akiufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa adui, upande wake hupata alama 6. Kisha hupewa ruhusa ya kuupiga teke upite kati ya miti ya goli, na ukipita huongezwa alama 1. Teke la namna hiyo likipigwa wakati mchezo wenyewe unaendelea, ni alama 3. Na mpira wa upande mmoja ukikomea nyuma ya mstari wao wenyewe, adui hupata alama 2. Wanafunzi na wazishike hesabu hizi, maana tutazihitaji mbele.

Vita vyaingia uwanjani

Tarehe 29 Novemba 1941 vyuo hivi viwili vilicheza katika mji wa Philadelphia mbele ya watu wapatao 98,000. Katika kijitabu kilichouzwa uwanjani siku ile palikuwa na picha ya manowari Arizona, na chini yake maneno ya kujisifu, kwamba haijatokea bado manowari kubwa ya namna ile kuzamishwa kwa mabomu ya ndege. Siku 8 baadaye, tarehe 7 Desemba, ndege za Wajapani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor. Arizona ikazama, na watu wake 1,177 wakafa. Ndivyo Marekani ilivyoingia vitani.

Mara watu wakaanza kuulizana kama inapasa mpira uendelee. Petroli na mipira ya magurudumu ilikuwa ikitolewa kwa kipimo, na magari ya moshi yalihitajiwa kuchukua askari na vyombo vya vita. Wakuu wakakata shauri la katikati: mchezo usifutwe, bali upunguzwe. Mwaka 1942 ulichezwa Annapolis kwenyewe, na watazamaji walioruhusiwa ni wale tu waliokaa karibu na mji, kadiri ya maili 10. Wanafunzi wa West Point wakabaki kwao. Lakini si vizuri timu icheze ugenini pasipo mtu hata mmoja wa kuishangilia. Basi baadhi ya vijana wa chuo cha wanamaji waliamriwa kukaa upande wa wageni na kuwashangilia adui zao, wakatii amri. Wanamaji wakashinda 14 kwa 0. Mwaka 1943 mchezo ulifanywa katika uwanja wa Michie, na wanamaji wakashinda tena, 13 kwa 0. Ulikuwa mwaka wa tano mfululizo West Point kushindwa na ndugu zao.

Wakati huo chuo kilikuwa kimepunguza miaka ya masomo kutoka 4 hata 3, kwa kuwa maofisa walihitajiwa upesi. Katika wachezaji wa mwaka 1942 alikuwako kijana mmoja hodari, Robin Olds. Alimaliza masomo mwezi wa Juni 1943, na mwaka 1944, wenzake waliobaki chuoni walipokuwa wakicheza mpira, yeye alikuwa rubani wa ndege ya vita katika anga ya Ulaya. Kabla vita havijaisha alikwisha kuangusha ndege za adui zaidi ya 10. Basi muda wa kutoka uwanjani mpaka vitani ulikuwa mfupi sana, na kila mchezaji aliujua.

Sababu za nguvu za timu

Mwaka 1940 timu ya West Point ilikuwa dhaifu kabisa. Ilishinda mchezo mmoja tu, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliipiga 48 kwa 0. Mkuu mpya wa chuo, Jenerali Robert Eichelberger, hakupendezwa. Akamwita mwalimu mpya wa mpira, Earl Blaik, ambaye mwenyewe alisoma West Point na kumaliza mwaka 1920. Blaik alianza kazi mwaka 1941. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye maneno machache, asiyekubali jambo lifanywe nusu. Pia aliomba kanuni ya waganga juu ya uzito wa wanafunzi ilegezwe, maana kanuni ile iliwazuia vijana wenye miili mikubwa kuingia chuoni, naye akakubaliwa.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya nguvu zao, nayo ni sababu ya heshima: kazi na utaratibu. Lakini sababu nyingine zililetwa na vita vyenyewe. Vijana wa vyuo vingine walikuwa wakiitwa jeshini, hata vyuo vingi vikaacha mpira kabisa. Tena Jeshi la nchi kavu lilikuwa likipeleka askari wake vijana wasome katika vyuo vikuu mbalimbali, lakini liliwakataza kuchezea timu za vyuo hivyo, maana masomo yao yalikuwa mengi na muda wao mfupi. Jeshi la wanamaji liliwaruhusu wa kwao. Kwa hiyo chuo kilichopewa vijana wa wanamaji kilikuwa na timu, na chuo kisichopewa kilibaki na watoto na wagonjwa.

West Point haikuwa na taabu hiyo. Wanafunzi wake walikuwa askari tayari, basi hapana aliyeogopa kuitwa katikati ya msimu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliruhusiwa kucheza, hata wale waliokwisha kuchezea vyuo vingine. Mfano ni Felix Blanchard, mzaliwa wa South Carolina. Alisoma kwanza katika Chuo Kikuu cha North Carolina, akaandikwa jeshini mwaka 1943, akaingia West Point mwezi wa Julai 1944. Mchezo wake wa kwanza West Point, tarehe 30 Septemba, ulikuwa dhidi ya North Carolina hao hao, nao walishindwa 46 kwa 0. Blanchard alikuwa na uzito wa ratli zaidi ya 200, na pamoja na uzito ule alikuwa mwepesi wa mbio.

Mwenziwe aliitwa Glenn Davis, wa California. Aliingia West Point mwaka 1943 pamoja na ndugu yake pacha. Kwa mpira alikuwa wa ajabu, lakini mwaka ule wa kwanza alianguka katika somo la hesabu. Chuo hakikusema, Huyu hodari wa mbio tumwachie. Davis alitoka, akaenda akajifunza hesabu kwa bidii, akafanya mtihani, akarudi mwaka 1944 kuanza upya mwaka wa kwanza. Wanafunzi wetu wapendao mpira kuliko vitabu na walikumbuke jambo hili. Mwaka ule wa kurudi kwake, Davis alifikisha mpira nyuma ya mstari wa adui mara 20, na kila alipokimbia na mpira alikwenda kwa wastani zaidi ya yadi 11. Waandishi wa magazeti waliwapa majina ya utani: Blanchard walimwita Bwana wa Ndani, kwa kuwa alipasua katikati ya adui, na Davis, Bwana wa Nje, kwa kuwa aliwazunguka pembeni.

Sheria za mchezo nazo zilikuwa zimelegezwa tangu mwaka 1941, mwalimu akaweza kuwatoa na kuwaingiza wachezaji mara nyingi. Blaik akafanya timu mbili katika timu moja. Hawa walipochoka waliingia wale, na adui maskini, mwenye watu wachache, alibaki akihema.

Michezo tisa

Baada ya North Carolina walikuja Brown, wakapigwa 59 kwa 7. Kisha Pittsburgh, 69 kwa 7. Kisha chuo cha maofisa wa walinzi wa pwani, 76 kwa 0. Duke, ambao walikuwa na vijana wa jeshi la wanamaji, walijitahidi zaidi, wakashindwa 27 kwa 7. Villanova wakapigwa 83 kwa 0.

Tarehe 11 Novemba, mjini New York, walikutana na Notre Dame. West Point hawakuwa wamewashinda Notre Dame tangu mwaka 1931, na tangu 1938 hawakuwa wamepata juu yao hata alama moja. Siku ile walipata 59, na Notre Dame hawakupata kitu. Kisha wakaja Pennsylvania, wale wale waliowapiga 48 kwa 0 miaka minne kabla, nao wakaondoka na 62 kwa 7.

Ukabaki mchezo wa wanamaji, tarehe 2 Desemba. Safari hii adui hakuwa mnyonge. Wanamaji nao walikuwa na faida zile zile za vita, na waandishi waliopanga timu kwa daraja waliwaweka West Point wa kwanza na wanamaji wa pili katika nchi nzima. Wakuu waliruhusu mchezo ufanywe katika mji mkubwa wa Baltimore, lakini mwenye kutaka kiti ilimpasa anunue hati ya kuikopesha serikali fedha za vita. Walikuja watu zaidi ya 66,000, na fedha zilizopatikana kwa hati hizo zilizidi dola milioni 58. Wanafunzi wa West Point walisafiri kwa meli kubwa ya kuchukulia askari, ikisindikizwa na manowari, kwa hofu ya nyambizi za adui.

West Point walitangulia kwa 7. Kisha teke la wanamaji likazuiwa, mpira ukakomea nyuma ya mstari wao wenyewe; ikawa 9 kwa 0. Wanamaji hawakuvunjika moyo. Wakapata 7, ikawa 9 kwa 7, na watu wakasimama, maana pengo la alama 2 ni jembamba kama uzi. Ndipo West Point walipompa Blanchard mpira, wakampa tena na tena, akawasukuma wanamaji nyuma hatua kwa hatua hata akaupitisha. Mwisho Davis alitoka pembeni, akakimbia zaidi ya yadi 50 pasipo kushikwa. Ikawa 23 kwa 7.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Kuupitisha mpira mara 3 ni alama 18. Mateke 3 ya kuongeza ni 3. Na mpira uliokomea nyuma ya mstari wa wanamaji ni 2. Jumla ni 23.

Tuyapime sasa

Jenerali Douglas MacArthur, aliyesoma West Point na baadaye akawa mkuu wake, alikuwa wakati ule katika vita vya kisiwa cha Leyte, Philippines. Alipeleka simu ya kuwasifu vijana, akasema kwa mzaha kwamba vita vimesimamishwa ili kuusherehekea ushindi wao. Ulikuwa mzaha tu, vita havikusimama. Siku hizo hizo za mwanzo wa Desemba askari wetu wa Afrika Mashariki, wa Divisheni ya 11, walikuwa wamekwisha kulipita bonde la Kabaw katika nchi ya Burma, katika mvua na tope na homa, wakafika Kalewa kando ya mto Chindwin.

Basi, je, ilifaa vijana wale wacheze? Twaweza kusema hivi. Hawakuwa wamejificha. Walikuwa katika miaka yao ya mafunzo, na jeshi lisilofundisha maofisa wake leo halitakuwa na maofisa kesho. Mchezo wao uliiletea serikali fedha nyingi, nao askari walio mbali walipata habari za kufurahia. Tena wakuu waliupima mchezo kwa mahitaji ya vita. Hawakuvipima vita kwa mahitaji ya mchezo. Hilo ndilo jambo kubwa.

Lakini hatuwezi kusema ya kuwa mizani ilikuwa sawa. Vijana wengi wa umri wa Blanchard na Davis, walioweza mpira kama wao, walikuwa Leyte au Ulaya mwaka ule, na wengine hawakurudi. Mama aliyepata simu ya kifo cha mwanawe hakuweza kufarijiwa kwa habari za 83 kwa 0. Wala wachezaji wenyewe hawakusamehewa milele; zamu yao ilikawia tu. Kapteni wa timu ile ya 1944, Tom Lombardo, aliuawa katika vita vya Korea mwezi wa Septemba 1950. Blanchard akawa rubani wa jeshi, na miaka mingi baadaye akapigana katika anga ya Vietnam.

Na swali la pili, je, ushindi ulikuwa wao wote? Jibu tunalipata katika mchezo mmoja tu. Mwaka 1944 wachezaji wengi wakubwa wa Notre Dame walikuwa vitani, na hata mwalimu wao, Frank Leahy, alikuwa katika jeshi la wanamaji. Vita vikaisha mwaka 1945, watu wakarudi. Tarehe 9 Novemba 1946 timu hizi mbili zilikutana tena New York. West Point walikuwa hawajashindwa tangu mwanzo wa msimu wa 1944. Blaik alikuwako, Blanchard alikuwako, Davis alikuwako. Mchezo ukaisha 0 kwa 0. Kati ya ile 59 kwa 0 na hii 0 kwa 0, mtu mwenye akili ataona sehemu iliyokuwa ya vita.

Hatusemi neno hili ili tuwapunguzie sifa. Timu iliyotoka katika ushindi mmoja mwaka 1940 hata ushindi tisa mwaka 1944 ilifanya kazi ya kweli, na siku ya Baltimore, ilipokuwa 9 kwa 7, hapana vita vilivyowasaidia. Walishinda walio sawa nao. Wahenga walinena, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza kwamba mshindi naye ana wajibu wake: aangalie uwanjani ni nani aliyekuja kushindana naye, na nani asiyeweza kuja, na kwa sababu gani. Akifanya hivyo atajua kadiri ya sifa iliyo yake, ataichukua hiyo, na iliyobaki atawaachia wenyewe.